Geti la Kijani

Magari ya wagonjwa yalikuwa yamesaga maua yote ya mama wa watu. Inspekta alichuchumaa kando ya geti akaziangalia alama za matairi. Zilipandana, hii juu ya ile, zikaenda mpaka kwenye kibaraza, zikageuza, zikatoka. Geti lenyewe lilikuwa la kijani, limebonyea upande mmoja.

"Hapo ni lile la tatu," mwenye nyumba akasema. "La kwanza liliingia kistaarabu. La pili likalikuta la kwanza bado lipo. Sasa la tatu, dereva wake alikuja kavurugwa, ananiuliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwambia, baba, mgonjwa hapa labda mimi, na mimi ni magoti tu."

"Ulimjibu hivyo hivyo?"

"Ningemjibu nini? Wakafika wanne. Wakasimama hapo wanatazamana kama watu waliokosea msiba."

Inspekta alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mazoea ya kuuliza swali halafu kuangalia pembeni, kana kwamba jibu halimhusu. Watu waliongea sana mbele yake kwa sababu hiyo. Sasa aliangalia pembeni, akamwacha mama aendelee.

Jana asubuhi mfumo mpya wa kompyuta wa kuita magari ya wagonjwa uliwashwa mji mzima, kwa makofi na picha. Kabla jua halijafika utosini, magari manne yalikuwa yametumwa kwenye geti hili, ambako hakukuwa na mtu hata wa kukohoa. Upande mwingine wa mji mzee mmoja fundi saa alikaa kwenye kiti chake cha kazi akisubiri gari, mpaka pumzi ikamkatikia mbele ya binti yake. Na kijana aliyeujenga mfumo huo alikuwa mtoto wa huyu mama. Kazini walimwita Miwani. Tangu jana jioni alikuwa mahabusu.

"Walipomtoa kwenye ile kazi, nilijua amechanganyikiwa," mama akasema. Walikuwa wamehamia kibarazani, naye alikuwa anafuta meza ambayo ilishang'aa zamani. "Hali chakula. Halali usiku. Anakaa hapo ulipokaa wewe, ananiambia, mama, kuna mtu atakufa."

Inspekta akaacha kuangalia pembeni. "Alisema hivyo kabla ya jana?"

Kitambaa kikasimama juu ya meza.

"Usiliandike hilo, mwanangu. Hakulisema kwa ubaya."

"Sijaandika kitu, mama."

"Lakini umelisikia."

"Nimelisikia."

Mama akakunja kitambaa mara mbili, akakifungua tena. "Atarudi lini?"

"Leo saa kumi faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Nikipata kitu kabla ya hapo, nitakupigia mimi mwenyewe."

"Na usipopata?"

Inspekta akainuka, akaenda kulivuta lile geti bovu mpaka likafungika.

*

Ofisi ya meneja wa mradi ilikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya shati lililolaliwa. Kwenye ukuta kulikuwa na chati ndefu, mistari juu ya mistari, yote ya kijani. Meneja mwenyewe alikuwa mtu nadhifu, ila leo tai ilikuwa imekwenda upande na macho yalikuwa mekundu.

"Afande, mimi sipendi kumsema mtu aliye ndani," akaanza, halafu akamsema. "Yule kijana ni mkorofi. Nilimtoa kwenye mradi wiki mbili zilizopita. Angalia alichonitumia."

Akasukuma simu mezani. Ujumbe ulikuwa neno moja tu: *Mtanikumbuka.*

"Ulimtoa kwa nini?"

"Kila kikao yeye ni bado. Bado hiki, bado kile. Mradi umeahirishwa, ukaahirishwa tena. Wakubwa wameshachoka kusikia bado. Unajua kazi yangu mimi ni nini? Ni kuwapelekea wakubwa habari ambayo wataweza kulala nayo."

"Hii rangi ya kijani maana yake nini?"

"Kazi imekwisha."

"Na ambayo haijaisha?"

"Nyekundu."

"Sioni nyekundu."

"Ndiyo maana tukauwasha," Meneja akasema, kama mtu anayemweleza mtoto.

Inspekta aliangalia chati, akaangalia dirisha. "Kwa hiyo unasema aliingia kwenye mfumo kwa hasira, akayageuza magari yaende kwa mama yake."

"Nasema nilichokiona. Aliujenga yeye, anajua kila dirisha la kupitia. Na ile nyumba haikuwahi kutokea kwenye mfumo wangu kabla ya jana. Haikuwahi. Nilisimamia kila jaribio kwa macho yangu."

"Kila jaribio?"

"Kila jaribio, afande. Wasichana wa simu watakuambia, nilikuwa nasimama nyuma yao mpaka wakawa wananiita kivuli."

"Asante. Hilo linanisaidia."

Meneja akapumua. Alidhani limemsaidia yeye.

Inspekta alikuwa kwenye ngazi simu ilipolia. Alikuwa Mkuu wake wa kituo, na Mkuu alikuwa na furaha, kitu ambacho hakikuwa cha kawaida.

"Rudi mezani uandike. Kijana amekiri."

"Amesema neno gani hasa, mkuu?"

"'Nyumba niliiweka mimi.' Hayo tu. Baada ya hapo ni kulia, na hataki kuongea na mtu."

"Ameulizwa aliiweka lini?"

"Lini itatusaidia nini? Mtu amekufa. Magari yalikwenda kwa mama yake. Alitishia kwa maandishi. Amekiri. Unataka aje na barua ya utambulisho?"

"Nipe mpaka saa kumi."

"Saa kumi ni saa kumi," Mkuu akasema, na simu ikakatika.

Inspekta akabaki ameshika mkono wa ngazi. Mama alikuwa amemwambia kijana alitabiri kifo. Sasa kijana mwenyewe alikuwa amekubali nyumba. Ukiviunganisha hivyo viwili, kamba inatosha shingo. Akashuka chini, badala ya kutoka nje.

*

Chumba cha simu kilikuwa kwenye ghorofa ya chini, upande wa uani, ambako magari ya wagonjwa yalipaki. Tangu jana walikuwa wamerudi kwenye kazi ya zamani: ramani kubwa ukutani yenye pini za rangi, redio ya upepo ya kuongea na madereva, na sauti za watu. Zile kompyuta mpya zilikuwa bado zimewashwa, kila moja mbele ya kiti chake, lakini hakuna aliyezigusa. Juu ya ramani, ubao mkubwa wa taa ulikuwa unasubiri, mweusi.

Msimamizi wa chumba alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Wote walimwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri.

"Wasichana wangu hawajalala," akamwambia Inspekta mlangoni. "Ukija kuwafokea, nifokee mimi kwanza."

"Sijaja kufoka. Nataka kusikiliza simu za jana. Zilizokwenda vibaya, na zilizokwenda vizuri."

"Vizuri za nini? Za vizuri hazina kesi."

"Ndizo ninazozitaka kwanza."

Dada Mkubwa akamwelekeza kwa binti aliyekaa kando ya dirisha. Alikuwa binti mdogo wa umbo, macho yamevimba. Ndiye aliyepokea simu ya fundi saa. Akampa Inspekta kifaa kimoja cha kusikilizia, chake akakivaa taratibu, kama mtu anayevaa nguo iliyolowa.

Simu ya kwanza iliyokwenda vizuri ilitoka kwa mlinzi wa benki. Alisoma namba ya kiwanja na jina la barabara kutoka kwenye kibao cha ukutani. Gari likafika. Ya pili ilikuwa ya mwalimu mkuu, naye akasoma kibao cha shule. Gari likafika. Ya tatu ilikuwa ya karani wa hoteli.

"Sasa zile nyingine," Inspekta akasema.

Mwanamume mmoja alikuwa anahema. *Ukifika penye transfoma ingia ule uchochoro wa kinyozi, uliza kwa fundi bomba, mtaonyeshwa.* Gari likaenda kwenye geti la kijani. Bibi mmoja akafuata. *Mjukuu wangu, ile nyumba ya zamani ya mwenye lori, sasa hivi kuna mwembamba mmoja anauza mkaa hapo mbele.* Geti la kijani. Halafu sauti ya mwanamke kijana, inayojitahidi isitetemeke.

*Nyuma ya kiwanda cha mbao. Geti limeandikwa mbwa mkali, lakini mbwa hakuna, alikufa, waambie waingie tu. Wasiogope. Waambie hakuna mbwa.*

Binti wa dirishani akavua kifaa chake akakiweka mezani.

"Alipiga tena," akasema. "Akaniambia nimewafungulia geti, mbona hawaji. Nikamwambia gari liko njiani. Kwenye skrini lilikuwa njiani kweli."

Inspekta naye akavua chake. Mtu mwenye kisasi angeyageuza magari yote. Kwa nini amwachie mlinzi wa benki gari lake, achukue la fundi saa? Aliyapanga tena kichwani yale maneno aliyoyasikia. Kibao, kibao, kibao. Kinyozi, lori, mbwa.

Nyuma yake mmoja wa wasichana alikuwa anaongea na dereva kwenye redio. "Umenielewa? Kinu cha maji, siyo cha unga. Na ufike huko huko, kaka, usije ukatupotelea kwa mama mkwe."

Mtu akacheka puani. Dada Mkubwa akageuka na jicho lake, na kicheko kikafa pale pale. Lakini Inspekta alikuwa ameshageuka naye.

"Mama mkwe ni nani?"

"Ni utani wao tu, afande," Dada Mkubwa akasema haraka. "Wasichana hawa midomo haina mlango."

"Mama mkwe wa nani?"

Macho mawili matatu yakaenda kwa binti wa dirishani, yakarudi. Binti akawa anatazama vidole vyake.

"Wangu," akasema. "Wananitania. Kwa sababu Miwani alikuwa akija hapa anakaa karibu na mimi. Wanasema ile nyumba ya geti la kijani ni kwa mama mkwe wangu."

"Utani huo ulianza lini?"

Mmoja wao akaanza kunyoosha pini kwenye ramani.

"Nauliza kwa sababu jana mlikuwa mnalia humu ndani," Inspekta akasema polepole. "Sasa nani kati yenu alipata nafasi, katikati ya kulia, ya kuitafutia nyumba jina?"

Dada Mkubwa akavuta kiti akakaa. Kiti kilimlalamikia.

"Kwenye majaribio," binti akasema. "Kila siku. Leo tena tumewapeleka wagonjwa kwa mama mkwe. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo."

"Nyamaza," Dada Mkubwa akasema, lakini bila nguvu. Halafu akasema mwenyewe. "Ile kompyuta inaelewa namba ya kiwanja. Namba na barabara, basi. Nani humu mjini anajua namba ya kiwanja chake? Mtu akikuambia kwa kinyozi, mashine haimjui kinyozi. Basi inakuwekea ile nyumba. Miwani aliiweka kwa ajili ya majaribio, alisema bora imsumbue mama yake kuliko mtu baki. Alikuwa aitoe. Alitaka mashine ikishindwa iseme imeshindwa, isimame, tumuulize tena anayepiga."

"Na kwa nini haikusimama?"

"Ikisimama, ule ubao unakuwa mwekundu." Akaonyesha kwa kidevu juu ukutani. "Na ubao ukiwa mwekundu wageni wanauliza maswali. Kulikuwa na wageni kila mara. Basi tukaambiwa, ikitokea ile nyumba, bonyeza kubali, tusonge. Ni majaribio tu, hakuna anayeumwa. Bonyeza. Na mimi nikawaambia wasichana wangu bonyezeni." Sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imekwisha. "Tumebonyeza miezi. Hata hatusomi tena. Mkono unakwenda wenyewe."

"Nani alikuambia?"

"Kivuli."

"Nani mwingine alimsikia?"

"Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, sikioni. Atakataa, afande. Atasema ni mimi. Na kweli ni mimi niliyewaambia."

Inspekta aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Neno la Dada Mkubwa dhidi ya neno la Meneja, na Meneja ana chati ya kijani. Akachukua simu yake, akampigia Mkuu.

"Nakuja na faili," akasema. "Lakini usikate. Baki hapo usikilize, mkuu. Nakuomba." Akailaza simu kifudifudi kando ya kompyuta ya binti. Halafu akamwambia Dada Mkubwa, "Mwite Meneja. Mwambie polisi wameridhika, tunataka kuuona mfumo unavyofanya kazi vizuri, ili tufunge kesi."

*

Meneja alishuka amenyoosha tai yake. Aliposikia neno kufunga, mabega yalikuwa yameshuka kidogo. Alizipita meza zote akaenda kusimama nyuma ya viti, karibu na nguzo, bila kuelekezwa. Rangi ya nguzo ilikuwa imechakaa kwenye kimo cha bega lake.

"Tunafanya kama siku ya majaribio," Inspekta akasema. "Mimi napiga simu, binti anaandika. Ubao uwashwe."

Ubao ukawaka. Inspekta akatoa namba ya kiwanja cha kituo cha polisi na barabara yake. Binti akaandika. Taa ya kijani. Akatoa ya posta. Taa ya kijani. Meneja akaitikia kwa kichwa taratibu, mikono mgongoni, na uso wake ukaanza kurudiwa na damu.

"Unaona, afande. Mfumo ni mzuri. Ni mtu tu aliyeuharibu."

"Naona. Mara ya mwisho hii, Mkuu wangu ananisubiri. Tuseme mgonjwa ni wewe. Uko nyumbani kwako. Mwelekeze binti, haraka haraka, kama mtu aliyeshikwa na kifua."

"Kwangu?" Meneja akacheka kidogo. "Kwangu ni rahisi. Ukipita ule mzunguko wa sanamu kata kushoto, nyumba ya tatu baada ya duka la dawa, ina ukuta wa mawe, mkabala na wale wauza vitanda."

Vidole vya binti vikakimbia. Skrini ikafikiri. Juu ukutani taa mpya ikatokea, ikapepesa nyekundu mara moja, mara mbili, ikisubiri. Kwenye skrini likaandikwa jina la mtaa asikoishi Meneja, na namba ya kiwanja chenye maua yaliyosagwa.

Mguu wa Meneja ukagonga sakafu.

"Ni kwa mama mkwe hapo," akasema, kwa sauti ya chini, ya haraka, ameinama kwenye sikio la binti. "Bonyeza tu, twende."

Binti alikuwa ameshabonyeza.

Taa ikawa ya kijani. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama Meneja, naye alikuwa bado ameinama, macho kwenye ubao, na aliridhika kwa muda mfupi kabla ya kusikia alichokisema. Binti alikuwa ameunyanyua mkono wake juu ya kibodi na anautazama kama si wake.

"Umeniambia ile nyumba haikuwahi kutokea," Inspekta akasema.

Meneja akanyooka. Akamwangalia Dada Mkubwa, akaangalia nguzo. "Kila mradi una vitu vidogo vidogo," akasema. "Ningesimamisha mimi, wangemweka mwingine. Na huyo mwingine angeuwasha."

"Labda. Lakini huyo hayuko hapa."

Akaigeuza simu. "Umesikia, mkuu?"

"Nimesikia," Mkuu akasema. Furaha ilikuwa imemwisha. "Kijana nitamtoa kwa dhamana leo. Mlete huyo bwana aandike maelezo. Na huyo mama wa chumba cha simu."

"Nipo," Dada Mkubwa akasema, akaanza kutafuta mkoba wake.

Ghafla injini ikanguruma uani. Gari lililokuwa limepaki nje ya dirisha liliwasha taa za juu, likaanza kurudi nyuma. Dereva wake alikuwa amepata ujumbe kwenye kifaa chake: mgonjwa, geti la kijani, haraka. Zile simu mbili za kwanza binti alikuwa amezifuta, hii ya tatu aliisahau. Binti akaruka kwenye redio. "Zima, kaka, zima. Siyo kweli. Hakuna mgonjwa."

"Mwambie asizime," Inspekta akasema. "Mwambie apite kituoni kwanza, ila ving'ora asiwashe."

Akaitafuta namba kwenye simu yake. Iliita mara moja tu. Upande wa pili hakukuwa na salamu, kulikuwa na mtu anayevuta pumzi.

"Mama," Inspekta akasema, "kuna gari lingine linakuja kwako."

"Tena? Mwanangu, mimi nimeshawaambia hapa hakuna mtu."

"Lifungulie tu. Safari hii linaye wa kwako."